SHEMEJI ALIVUTA PUMZI, GIABOKSI IKANIANGUKIA KIFUANI

Giaboksi ya kilo karibu arobaini ilikuwa imenilalia kifuani…

Mimi chali kwenye kokoto, chini ya gari. Pumzi haitoki, haiingii. Oili ya gia, ile nzito nyeusi inayonuka kama mayai viza, inanitiririkia shingoni, inaingia sikioni, nyingine nimeshaimeza.

Na juu yangu, ndani ya gari lile lile, amekaa mtu aliyetakiwa kuishika hiyo giaboksi.

Shemeji yangu Torgny. Kaka wa marehemu mke wangu.

Nilimsikia akitema mate. Halafu mlango wa gari ukafunguka.

Nikasema moyoni, basi. Alimmaliza dada yake kwa mkono wa baraza, na mimi leo ananimaliza kwa mkono wake mwenyewe.

Nyie mnaosoma, mimi si mtu wa kalamu. Nimesoma miaka saba tu, iliyobaki nimekata miti. Nitaandika kama ninavyoongea. Asiyependa apite.

Naitwa Assar. Miaka sabini na sita. Naishi Kalvmyrliden, kaskazini ya Sweden, kijiji cha nyumba kumi na moja, na saba kati ya hizo zimepigwa misumari madirishani.

Mke wangu Gunvor alifariki miaka minne iliyopita, mwezi wa pili. Kiharusi. Alianguka jikoni akiwa na kijiko mkononi.

Nikapiga simu. Wakaniambia usimguse, usimpakie kwenye gari lako, subiri gari la wagonjwa.

Nikasubiri.

Saa nzima na dakika hamsini.

Zamani kituo cha magari ya wagonjwa kilikuwa kilomita kumi na nane kutoka kwetu. Vuli iliyotangulia, kabla Gunvor hajafa, wakubwa wa mkoa wakakifunga. Barua ikasema ni "kuboresha huduma". Kuboresha… mpaka leo nikilisikia neno hilo mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Na kwenye kamati ya baraza la mkoa iliyokifunga, Torgny alikuwa mjumbe.

Sasa hapa lazima niwaambie kitu, la sivyo hamtanielewa mbele.

Huku kwetu "ndiyo" haisemwi. Inavutwa. Mtu anabana midomo kidogo anavuta hewa ndani, *shhup*, basi, amekubali. Msidhani ni msonyo. Wapo wageni waliokuja huku wakanuna wiki nzima wakidhani tunawasonya, kumbe tunawakubalia.

Mwanamke anaolewa kwa *shhup*. Shamba linauzwa kwa *shhup*.

Na kituo cha magari ya wagonjwa kilifungwa kwa *shhup*. Mwenyekiti aliuliza, "Kamati inakubali?" Wajumbe wakavuta pumzi, nyundo ikagongwa. Karatasini ikaandikwa wote wamekubali.

Siku ya maziko Torgny alinifuata pale kwenye meza ya kahawa. Suti nyeusi, viatu vinang'aa.

"Assar, mimi sikukubali. Nilishtuka tu. Nilivuta pumzi ya mshtuko, mwenyekiti akadhani ni ndiyo."

Nikamwangalia.

"Umezaliwa huku, Torgny. Leo hujui kupumua?"

Nikaondoka na sahani yangu. Miaka minne sikumpa hata salamu. Nilimwita mwongo dukani, nilimwita mwongo kanisani.

Turudi kwenye gari.

Ni Volvo ya mwaka 1990, nyekundu. Ilikuwa ya Gunvor. Basi la kijiji wakubwa walishaliondoa, duka liko kilomita hamsini na nane. Bila gari, Kalvmyrliden huishi. Unaoza tu.

Kabla ya theluji klachi ikawa imekwisha. Unakanyaga mafuta, injini inalia kama ng'ombe anayezaa, gari lenyewe linajikongoja. Kwenye mlima wetu likagoma kabisa, harufu ya kuungua ikajaa ndani hadi machozi.

Fundi wa mjini hakutaka hata kuliona. Nilimtumia picha.

"Babu, hilo ni la kuyeyusha," akasema.

Na Alhamisi kulikuwa na ukaguzi. Likikosa cheti, ni marufuku barabarani.

Binti yangu Malin, anayeishi kusini, alishanitafutia chumba mjini. Kimoja, ghorofa ya pili. Bafuni kuna kamba nyekundu ya kuvuta ukianguka.

"Baba, tumekubaliana," akaniambia kwenye simu. "Gari likipita Alhamisi, unabaki. Likishindwa, nyumba inauzwa."

"Tumekubaliana."

"Na usifungue giaboksi peke yako."

"Nani kasema nafungua giaboksi?"

"Nakujua, baba."

Jumatatu nikalipandisha kwenye stendi nne. Nikafungua propela shafti, nikatoa stata, nikachomoa kebo ya klachi. Hizo kazi za mtu mmoja. Lakini giaboksi kuishusha ni ya watu wawili. Na mtu wa pili, katika nyumba nne zenye moshi, alikuwa Ragnhild wa miaka themanini na nane.

Jumanne asubuhi nasikia tairi kwenye kokoto. Torgny huyo, na gari lake la umeme lisilo na sauti, kwapani chupa ya kahawa.

"Malin amenipigia," akasema.

"Sikukuita."

"Najua."

"Kafungue kituo cha wagonjwa, halafu uje ufungue giaboksi."

Akavua koti, akalikunja vizuri kama yuko bado barazani, akakunja mikono ya shati. Mikono myeupe. Mikono ya karatasi.

Ningemfukuza. Lakini niliangalia gari, nikahesabu siku. Jumanne, Jumatano.

"Panda ndani," nikamwambia. "Usiguse kitu mpaka nikuambie."

Namna tunavyofanya huku ni hivi. Unatoa fimbo ya gia, panabaki tundu kwenye sakafu ya gari. Unalaza ubao juu ya viti, unapitisha mkanda imara tundani, unaifunga giaboksi kwa chini. Wa juu anashika mkanda kwenye ubao, wa chini anatoa boliti, jeki inasaidia. Mnashusha pole pole kama mnazika mtu.

Nikaingia chini. Boliti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikanichubua vidole viwili. Iliyobaki ni ile ya juu kabisa, unaipapasa kama kipofu, spana umeiunga mara tatu ndefu kama fimbo.

Ikalegea.

Nikaita, "Umeishika?"

Nikasikia, wazi kabisa, juu ya kichwa changu…

*Shhup.*

Nikatoa boliti.

Hapo ndipo mlinikuta mwanzoni.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilikipindua kile chuma kikaegemea jeki, nikajikokota kwa mgongo hadi nje. Ubavu wa kushoto kitu kililia *kaa!* kama kijiti kikavu kinachovunjika.

Torgny alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, anatapika. Mkono wa kulia kaunyoosha mbali na mwili, kama si wake.

"Umetaka kuniua," nikasema.

"Panya," akasema.

"Nini?"

"Kidole changu kimeingia ndani ya panya, Assar."

Nikachungulia ndani. Kweli. Gari lilisimama majira yote ya baridi, panya wakajenga chini ya zulia, wakachambua sponji ya viti wakafanya godoro. Mmoja alifia humo. Theluji ilipoyeyuka na yeye akayeyuka, akawa uji wenye manyoya. Torgny alitaka kusogeza zulia ubao ukae vizuri, kidole kikazama.

Harufu yake siwezi kuiandika. Niliionja.

"Nimekuuliza umeishika. Ukajibu ndiyo."

"Sikujibu."

"Ukavuta. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Nilishtuka, Assar. Nilivuta kwa kushtuka."

Tuliangaliana. Wazee wawili, mmoja kajaa oili, mwingine kajaa matapishi, na maneno yale yale ya kwenye maziko yamekaa katikati yetu.

Maana sasa nilikuwa nimesikia mwenyewe. Ningeitwa mahakamani ningeapa kwamba huyu amesema ndiyo. Ningeapa, na ningekuwa nimekosea.

Ndugu zangu, mnajua inavyouma kugundua kwamba mtu uliyemchukia miaka minne huenda alisema kweli? Inauma kuliko ubavu. Chuki ndiyo ilikuwa inaniamsha asubuhi. Ndiyo ilikuwa inaniwashia jiko.

Nikaingia ndani nikaleta vikombe viwili. Cha bluu cha Gunvor nikampa yeye, sijui kwa nini. Tukakaa ngazini. Kumimina akamimina yeye, mimi mkono wa kushoto haukuinuka.

"Torgny."

"Naam."

"Pale msibani nilikuambia hujui kupumua."

"Uliniambia."

"Nayafuta maneno yangu."

Nikaendelea, maana nikinyamaza nisingeanza tena.

"Nimekuita mwongo mbele ya watu. Dukani, kanisani. Nitapita huko huko niwaambie nilikosea."

Akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Usiwaambie," akasema.

"Lazima."

"Usiwaambie, Assar. Panya alikuwa kweli. Ile ya kwenye kamati ilikuwa ndiyo."

Nilidhani oili imeniziba masikio.

"Rudia."

"Ilikuwa ndiyo. Sikushtuka. Niliulizwa, nikakubali."

Nyuki mmoja alikuwa anazunguka juu ya mfuniko wa chupa ya kahawa. Nakumbuka nilimwangalia huyo nyuki muda mrefu.

"Walikulipa?"

"Hakuna aliyenilipa."

"Walikutisha?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini?"

Akawa anachezesha kidole, kile kile.

"Ilikuwa hoja ya kumi na nne. Saa tano na dakika hamsini. Ilikuwa Alhamisi."

Nyie hamjui Alhamisi huku ni nini. Alhamisi ni supu ya njegere na chapati za maji zenye jemu. Shuleni, jeshini, barazani, nchi nzima. Ukichelewa, chapati zimekwisha.

"Supu ilikuwa inanukia hadi ukumbini," akasema. "Wote tulikuwa tunaangalia saa."

"Makaratasi ulisoma?"

"Zilikuwa kurasa mia mbili na kumi."

"Sikuulizi zilikuwa ngapi. Ulisoma?"

"Sikusoma."

"Na huo uongo wa kushtuka?"

"Niliutunga garini, nikija kumzika."

Jamani… miaka minne nimelala nikiwaza njama. Nimewaza wakubwa wamekaa kwenye chumba chenye pazia, wanachora ramani, wanasema hawa wa Kalvmyrliden wafe. Niliwachukia kama watu wanavyochukia majitu.

Kumbe hakukuwa na jitu. Kulikuwa na njaa ya saa sita kasoro.

Mke wangu alikufa ili Torgny awahi chapati.

Kwa kinyaa nilichosikia pale, yule panya alikuwa marashi.

Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo, "Na ukumbini kuna viti arobaini vya wananchi. Siku ile vilikuwa vitupu. Tangazo lilibandikwa dukani wiki tatu. Hata wewe hukuja."

"Nilikuwa napasua kuni," nikajibu haraka.

Jibu lenyewe likaninuka.

Nikamnyang'anya kikombe cha Gunvor. Kahawa nikaimwaga kwenye kokoto. Nikaenda bombani nikakisugua kwa mchanga, ndani na nje, hasa pale midomo yake ilipogusa.

Spana namba kumi na saba ilikuwa pembeni ya bomba. Sitawadanganya, niliishika. Niliishika nikaipima uzito.

Kisha nikaliangalia gari. Limesimama juu ya stendi nne, tumbo wazi, matumbo yake yametandazwa kwenye boksi la kadibodi. Ilikuwa bado Jumanne na mimi nina ubavu mmoja umevunjika. Nikimfukuza Torgny, giaboksi hairudi. Isiporudi, Alhamisi haipo. Nyumba aliyofia Gunvor inauzwa kwa watu wa kuja kuvua samaki wiki mbili kwa mwaka, na mimi nakwenda kwenye kamba nyekundu.

"Nawa mkono," nikamwambia.

"Mimi nilidhani niende."

"Ulidhani vibaya. Kazi bado."

Tukafungua klachi kuukuu. Sahani imelika, imekuwa nyembamba kama biskuti, ribiti, zile pini zake za chuma, zinachungulia. Tukafuta vumbi lake jeusi, tukaweka mpya. Kuiweka katikati nilitumia mpini wa ufagio niliouzungushia utepe wa karatasi wenye gundi mpaka ukaenea tundu. Isipokaa katikati, giaboksi haiingii hata ukiibembeleza hadi Krismasi.

Safari hii yeye chini, mimi juu na mkanda. Ubavu unanichoma kila nikivuta.

"Umeishika?" nikamuuliza.

*Shhup.*

"Sisikii."

"Assar, umenisikia."

"Sisikii. Fungua mdomo."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nimeishika."

"Sukuma."

Nikazungusha shafti taratibu, yeye anasukuma, mpaka meno yakapatana na sahani, ikaingia kwa mlio mmoja mtamu, *tok*.

"Imeingia?"

"Ndiyo, imeingia."

"Boliti ya kwanza. Imekaza?"

"Ndiyo, imekaza."

Hivyo hivyo hadi ya mwisho, hadi propela, hadi stata, hadi Jumatano jioni. Nadhani siku mbili zile Torgny alitamka ndiyo nyingi kuliko miaka kumi na miwili yote aliyokaa barazani. Sauti ilimkauka. Sikumpa maji.

Tulipomaliza akasimama mlangoni na koti lake lililokunjwa.

"Shemeji…" akaanza.

"Usiniite hivyo. Huyo aliyetufanya mashemeji hayupo."

Akaingia kwenye gari lake lisilo na sauti. Akaondoka kama alivyokuja, husikii.

Alhamisi nikapanda mlima wa Kalvmyrliden kwa gia ya tatu. Klachi laini kama siagi. Kule kwenye ukaguzi kijana wa kike alilimulika kwa tochi kuanzia mbele hadi nyuma.

"Klachi mpya hii. Nani kaifunga?"

"Mimi na mheshimiwa mmoja."

Akacheka, akagonga cheti.

Nikampigia Malin.

"Limepita."

"Basi, baba. Unabaki."

Ningeishia hapo mngesema Assar ameshinda. Lakini kile kinyaa hakikutoka. Nilioga mara tatu, harufu ya oili ikaisha, ile nyingine ikabaki. Na sehemu yake, niwe mkweli, ilikuwa yangu mwenyewe.

Mwezi wa sita mkutano wa baraza la mkoa ulipotangazwa, nikawasha gari la Gunvor. Nikafika. Viti arobaini vya wananchi, nikakaa kwenye kimoja. Peke yangu. Wakubwa wananiangalia kama kitu kilichokanyagwa na kiatu.

Hoja ya tisa, kupunguza zamu za wauguzi wanaozunguka vijijini. Ikasomwa nusu dakika.

"Baraza linakubali?" mwenyekiti akauliza.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja, kama watu wanaoonja uji wa moto.

Nikasimama. Sijawahi kusema mbele ya watu isipokuwa kwenye harusi yangu.

"Huku nyuma hatusikii."

"Mwananchi haruhusiwi kuongea," mwenyekiti akasema.

"Siongei. Nasema hatusikii. Mtu akifa nataka nijue nani alisema nini."

Bawabu akaanza kuja. Lakini mama mmoja mjumbe, mstari wa mwisho, akainua mkono.

"Naomba kura kwa majina," akasema.

Ikabidi. Ndiyo sheria yao wenyewe, mmoja akiomba wanaitwa. Jina moja moja. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Wengine walitamka kama wanameza mfupa.

Hoja ilipita. Ishirini na tisa kwa ishirini na sita. Sikuwaletea hadithi ya kutunga ambamo mchawi anaungua mwishoni.

Lakini wale ishirini na tisa wameandikwa. Muuguzi akikosekana, nitajua niende kugonga mlango wa nani, na hatakuwa na pumzi ya kujifichia.

Mtaniuliza Torgny. Sijamsamehe. Nasikia anazunguka kijijini mwenyewe, anawaambia watu ile ilikuwa ndiyo. Ragnhild alimsikiliza hadi mwisho, akamfungia mlango bila kuubamiza.

Sasa nyie mnaosoma hapa na kuacha vile vikatuni vya simu vinavyolia. Msinililie. Wakubwa hawaogopi machozi, wala laana tunazozitoa jikoni. Uovu wao mwingi hata si uovu, ni uvivu wenye kiti. Wanaamua maisha yako huku wanaangalia saa, kwa sababu wanajua hakuna anayewaangalia wao.

Kama kwenu kuna kikao wiki hii, nenda ukakae. Hata kama huelewi kitu, kaa wakuone.

Na ubebe chakula chako. Cha kwao usile.